Cherehani ya Urithi: Iuzwe, Ishikwe Kutu, au Iwe Meza?

Katika nyumba nyingi za Butembo na Beni kuna chombo cha kale ambacho hakuna ajuaye akifanyie nini. Kimesimama pembeni, kimefunikwa kitambaa, na juu yake zimewekwa sufuria, daftari za shule na nguo zinazongoja pasi. Ni cherehani ya miguu, au kama wengi wetu tusemavyo, mashini ya kushonea, iliyoachwa na mama au baba aliyekufa. Miguu yake ni ya chuma cheusi chenye nakshi za maua na majani. Ubao wake umepasuka. Ndani ya watoto wa meza mmebaki vifungo, kipande cha chaki na sindano zenye kutu. Haishoni tena, wala haitupwi. Watoto wa marehemu waona haya kuiuza, nao hawana nafasi ya kuiweka.

Leo twataka kuzungumza habari ya chombo hicho, maana tumeona mambo matatu yakitokea. Wengine humwuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu, naye huipima kwa kilo kama bati la paa. Wengine huiacha mpaka mchwa wale ubao na kutu ile chuma. Tena wengine hugombana kwa ajili yake hata ndugu wa tumbo moja wasisalimiane. Kumbe chombo hicho kingeweza kuwa meza nzuri ya mtoto kusomea, au kingeweza hata kushona tena. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

ILIKOTOKA

Mashini hizi zilizaliwa mbali. Mwamerika Isaac Singer alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1851. Hakuwa mtu wa kwanza kubuni cherehani, lakini kampani yake ndiyo iliyozieneza katika dunia, maana iliwaruhusu watu wasio na fedha nyingi kulipa kidogo kidogo. Mwaka 1885 kampani hiyo ilifungua kiwanda kikubwa huko Clydebank, katika nchi ya Scotland, na kiwanda hicho kilifanya kazi mpaka mwaka 1980. Ukitaka kujua umri wa Singer yako, tazama namba iliyopigwa kwenye chuma cha kichwa. Kama namba haina herufi mbele yake, mashini hiyo kwa kawaida ni ya kabla ya mwaka 1900. Kama ina herufi moja au mbili, ni ya baadaye. Si kila cherehani ya kale ni Singer: ziko Pfaff za Ujerumani, na baadaye zikaja nyingi za Uchina, kama zile ziitwazo Butterfly.

Katika Kongo ya wakati wa Wabelgiji, cherehani iliingia kwa njia ya wafanya biashara na kwa njia ya misioni. Mapadre Waasumpsioni walifika Kongo mwaka 1929, na nchi ya Wanande ikawa shamba lao la kazi. Mwaka 1938 nchi hiyo ikawa Vikarieti ya Beni chini ya Baba Askofu Henri Piérard, na mwaka 1959 ikawa jimbo kamili, ambalo leo twaliita Jimbo la Butembo-Beni. Palipojengwa kanisa, shule nayo ilijengwa. Na masista walipofika, wasichana walianza kujifunza kushona. Kadhalika katika miji ya Kongo zilikuwako nyumba zilizoitwa foyer social, ambamo wanawake walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto wachanga.

Mama aliyejua kushona alikuwa na faranga zake mwenyewe. Alishona sare za shule, nguo za Komunyo ya kwanza, mapazia, na viraka juu ya viraka. Wako wasomaji wetu ambao karo yao ya shule ilitoka katika tundu la sindano. Ndiyo maana chuma hiki ni kizito moyoni kuliko mizani inavyoonyesha, na ndiyo maana yafaa kukitendea kwa akili.

KABLA YA KUSHIKA RANDA

Jambo la kwanza si kumwita seremala. Jambo la kwanza ni kujua mali ni ya nani.

Tuseme mama amefariki Beni, ameacha watoto watatu. Kaka mkubwa ana duka Butembo. Dada amebaki Beni katika nyumba ya mama. Mdogo wao yuko Kampala. Siku moja kaka afika pamoja na seremala, asema, “Dada, miguu hii ya chuma yafaa meza ya duka langu. Tutaichukua leo.” Dada ajibu, “Kaka, mama alinifundisha kushona juu ya ubao huu. Mbona hukuniuliza?” Kaka akasirika, kwa kuwa adhani mkubwa haulizi. Dada alia. Mdogo aliyeko Kampala apata habari kwa simu, naye akasirika kuliko wote wawili.

Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haiachi jambo hili gizani. Watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza. Robo tatu ya urithi ni yao, nao hugawana sawa sawa, mwana wa kiume na binti, mkubwa na mdogo. Basi yule dada haombi fadhili, bali aidai haki yake. Tena sheria hiyo yamlinda mjane, mke au mume aliyebaki: ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vyake, isipokuwa katika hali ambazo sheria yenyewe yazitaja. Kwa hiyo kama baba angali hai, cherehani ya mama isitoke nyumbani bila yeye kukubali. Ile desturi mbaya ya jamaa kufika baada ya maziko na kubeba viti, vitanda na sufuria, huku mjane akitazama, si sheria, wala si Ukristu.

Yatupasa kufanya hivi. Warithi wakutane, na aliye mbali asikilizwe kwa simu. Wakubaliane nani atakaa na chombo, kitafanyiwa kazi gani, na kama wengine watapewa kitu kingine kwa usawa. Kisha waandike maneno hayo katika karatasi moja, watie sahihi zao pamoja na shahidi mmoja. Wengine watacheka, waseme, “Karatasi kwa ajili ya cherehani mbovu?” Tuwajibu kwa methali: mali bila daftari huisha bila habari.

JE, IMEKUFA KWELI?

Jambo la pili ni kuipima mashini kabla ya kuizika. Nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa zimelala tu. Mafuta ya zamani yamegandamana ndani, basi gurudumu halizunguki. Weka matone machache ya mafuta ya taa katika kila tundu la mafuta na penye kila kiungo kinachosogea, uache usiku mzima, kisha asubuhi uzungushe gurudumu kwa mkono polepole. Usilazimishe. Rudia siku mbili tatu. Likianza kuzunguka, futa uchafu wote utokao, utie mafuta mepesi ya cherehani. Usitie mafuta ya mawese wala mafuta yoyote ya kupikia, maana hayo yataganda tena kama gundi.

Halafu tazama ukanda wa ngozi unaozunguka gurudumu kubwa la chini. Mara nyingi ukanda umekatika tu, na watu wamedhani mashini yote imeharibika. Ukanda mpya si ghali. Na kwa ile Singer iitwayo namba 15, sindano na vigurudumu vya uzi vyauzwa mpaka leo, kwa sababu mashini nyingi za Asia ziliundwa kwa kuiga hiyo.

Ikishona, basi wasomaji wapenzi, msiigeuze meza! Cherehani ya miguu haihitaji umeme wala petroli. Katika mtaa usio na umeme, au wenye umeme wa kukatika-katika, mashini hiyo ni mkate wa jamaa. Binti aliyemaliza shule akakosa kazi aweza kuanza nayo.

UONGO WA ZEBAKI NYEKUNDU

Hapa yatupasa kuwaonya ninyi juu ya wadanganyifu. Husemwa kwamba ndani ya Singer za kale mna “zebaki nyekundu”, kitu cha thamani kupita dhahabu. Mwaka 2009 uvumi huo uliwapata watu wa Saudia. Wakakimbilia masoko, na cherehani kuukuu zikauzwa kwa bei za kushangaza, mpaka serikali ikatangaza kwamba ni uongo na ulaghai. Ndani ya cherehani mna chuma, mafuta na vumbi la nguo, basi. Mtu akija nyumbani kwako kwa siri, akisogeza simu yake karibu na sindano ili kuipima, kisha akikutaka utoe fedha kwanza ili mwuze pamoja, mwonyeshe mlango.

KICHWA HUKU, MIGUU KULE

Kuna jambo jingine ambalo jamaa za nchi yetu zalijua kuliko wengine. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 wauaji wameingia mara nyingi katika vijiji vya Beni, na watu wengi mno wamekimbia makwao, wakatafuta salama Oicha, Beni mjini na Butembo. Mtu anayekimbia usiku habebi meza. Lakini kichwa cha cherehani chaweza kufunguliwa, kikafungwa katika kitenge, kikabebwa kichwani au kwa pikipiki. Miguu yabaki nyuma. Hivyo kuna nyumba zenye kichwa kisicho na miguu, na nyumba zenye miguu isiyo na kichwa.

Basi wewe mwenye miguu bila kichwa, kabla hujanunua ubao wa meza, uliza katika jumuiya yako ya Kikristu na parokiani: je, hayupo mama mkimbizi mwenye kichwa kilichowekwa sakafuni? Mtafuteni, mpimeni kama vyaafikiana. Warithi wakikubali kumpa au kumwazima miguu hiyo, watakuwa wamemfanyia marehemu wao ukumbusho mwema. Na wewe mwenye kichwa bila miguu, ujue kwamba kichwa kingine huweza kufungiwa mkono wa kuzungushia, kikashona juu ya meza yoyote.

NAMNA YA KUIGEUZA MEZA

Sasa tuseme mmekwisha kupatana, mashini imekufa kweli, wala hakuna jirani wa kuitumia. Hapo mwite seremala, nanyi mfuate mambo haya.

Kwanza, chuma chenyewe. Miguu ya cherehani ya kale ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma cha namna hii chaweza kubeba mzigo mkubwa, lakini hakipindiki: ukikipiga nyundo chavunjika kama chungu. Kama mguu umepasuka, usimpelekee mchomeleaji wa kando ya njia ambaye hajawahi kuchomelea chuma cha kusubu, maana moto wake waweza kuongeza ufa. Ni afadhali kuunga kwa vipande viwili vya bati nene, kimoja kila upande, na kuvifunga kwa bolti.

Pili, kutu. Iondoe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa kidogo, nje ya nyumba, mbali na moto. Rangi za kale zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo usikwaruze kwa ukavu na kutimua vumbi. Lowesha maji kwanza, funga kitambaa puani, na watoto wakae mbali. Futa vizuri, ukaushe siku hiyo hiyo, upake rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeusi ya mafuta mara mbili. Usizibe jina lililoandikwa katikati ya nakshi. Hilo ndilo uzuri wake.

Tatu, gurudumu na kikanyagio. Nyumba yenye watoto isiache gurudumu lizunguke ovyo, kwa sababu vidole vyao vitabanwa. Ondoa ukanda, kisha fungua ule ufito wa chuma unaounganisha kikanyagio na gurudumu. Kikanyagio chenyewe kifungwe kwa waya mnene kisicheze. Kitakuwa mahali pa kuwekea miguu. Nanyi wanafunzi, kabla baba hajaufungua ufito huo, mkanyage mara moja mtazame: mguu wapanda na kushuka tu, lakini gurudumu lazunguka. Ndivyo fito na magurudumu yanavyogeuza mwendo wa kwenda na kurudi kuwa mwendo wa mzunguko, kama katika injini ya gari.

Nne, ubao. Watu wa Beni wako karibu na mwitu, waweza kupata mvule au libuyu, miti migumu. Mvule hasa hauliwi upesi na mchwa. Watu wa Butembo na Lubero, huko juu penye baridi, wana mikaratusi mingi. Mkaratusi hufaa, lakini una tabia ya kujipinda na kupasuka ukitumiwa mbichi. Mbao zipangwe kivulini, zikitengwa kwa vijiti ili hewa ipite, mpaka zikauke kabisa. Seremala akikuambia kwamba mbao zilizopasuliwa wiki iliyopita zimekwisha kukauka, tafuta mwingine. Tena ununue mbao kwa mtu anayeweza kusema zilitoka wapi. Mwitu wetu unakatwa upesi kuliko unavyokua.

Tano, vipimo. Miguu mingi ya namna hii ina kimo cha sentimita 70 hivi. Ukiongeza ubao wa sentimita 2 na nusu, wapata kimo kizuri cha meza ya kusomea. Urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 50 vyatosha mwanafunzi, vitabu vyake na taa yake. Usiweke ubao mpana kupita kiasi, maana miguu ni myembamba kutoka mbele kwenda nyuma, na meza itaanguka mtoto akiegemea ukingoni.

Sita, kufunga. Chini ya ubao wa kale utaona matundu manne ya skrubu katika chuma. Tumia matundu hayo hayo. Skrubu zipande kutoka chini, nazo ziwe fupi kuliko unene wa ubao. Usitie gundi. Ubao hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua. Ukifungwa kwa nguvu mno utapasuka. Kwa hiyo seremala mwenye ujuzi hupanua kidogo matundu ya ubaoni, au huweka vishikio vidogo vinavyouachia ubao nafasi ya kusogea. Mwisho piga msasa, pembe ziwe za mviringo, kisha paka vanishi mara mbili, na chini pia, maana unyevu huingia kwa chini.

Saba, na hili twalisisitiza: usitupe chochote. Kichwa kipakwe mafuta, kifungwe kitambaa. Ufito, ukanda, skrubu na watoto wa meza viwekwe katika sanduku moja pamoja na ile karatasi ya warithi. Kazi yote ifanywe kwa namna ambayo mjukuu, akitaka, aweza kuirudisha cherehani kama ilivyokuwa. Usitoboe chuma, usikate nakshi. Ubao wa kale, kama haukuliwa na mchwa, waweza kuwa rafu ya vitabu juu ya meza hiyo hiyo.

Huko pwani ya Uswahilini, Unguja na Lamu, watu wamefanya vivi hivi na masanduku ya kale yenye njumu za shaba: lile lililokuwa la nguo za bibi arusi sasa lakaa sebuleni kama meza ya kahawa, bila kupigwa msumari hata mmoja. Wenye akili wamewasifu. Wale waliokata na kupaka rangi ovyo wamejuta walipotaka kuuza.

MEZA YA NYUMBA NZIMA

Meza hii itatumika kwa nini? Mchana yafaa kwa kazi za mama, au kwa biashara ndogo barazani. Jioni iwe ya mwanafunzi. Wengi wa watoto wetu wasomea sakafuni au magotini, na mwandiko wao waonyesha hivyo. Na saa ya sala ya jamaa, weka juu yake kitambaa cheupe, msalaba na sanamu ya Mama Bikira Maria, msali rozari. Mwezi wa Novemba, Kanisa linapowakumbuka marehemu, mtajeni kwa jina yule aliyekanyaga chuma hicho miaka mingi ili ninyi mvae na msome.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio wa 12 aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Twaamini ya kwamba yule seremala wa Nazareti hakutupa ubao mwema kwa sababu ni wa kale. Naye Bwana Yesu, katika sura ya 13 ya Injili ya Mathayo, amsifu mwenye nyumba ambaye hazina yake ina vipya na vya kale, naye ajua kuvitoa vyote kwa wakati wake.

Basi, baba na mama wa nyumba, jumapili hii baada ya Misa ondoeni kile kitambaa kilichoifunika cherehani, mwite ndugu zenu, mwulizane kwa mpango huu: yaweza kushona kwetu? Kama sivyo, yaweza kushona kwa jirani? Kama sivyo, basi iwe meza. Lakini ikae pembeni mwaka mwingine tena, ikila kutu, hapana.